Kupiga picha ndege wa porini kwenye madimbwi ya nyika ya Australia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi Australia ya kati, yaani nyika inayouzunguka mji wa Alice Springs, pamoja na maeneo machache ya kaskazini na Australia Kusini. Saa zote zimeandikwa kwa hesabu ya Kiswahili. Alice Springs iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita na nusu, kwa hiyo rekebisha saa ya kamera siku ya kwanza, la sivyo kumbukumbu zako za nani alikunywa saa ngapi zitavurugika.

Kwa nini niende dimbwini badala ya kuwafuata ndege porini?

Kwa sababu katika nchi kavu maji ndiyo yanayopanga ratiba ya ndege. Mbegu kavu zina maji kidogo mno, hivyo ndege anayeishi kwa mbegu, yaani njiwa, kakatua, kasuku na finchi, hana budi kunywa karibu kila siku. Anayekula wadudu, nyama au mbochi hupata sehemu ya maji yake kwenye chakula, na siku za baridi anaweza asitokee kabisa. Joto likipanda, naye huja. Ukijua ndege anakula nini, umeshajua nusu ya jibu la lini atakunywa.

Aliyewahi kuwatazama firigogo wakiteremkia maji asubuhi kule Samburu ataielewa hali hii mara moja. Australia haina firigogo. Kazi yao ya kufika majini kwa makundi na kwa saa maalumu hufanywa huko na njiwa na kasuku.

Niende mwezi gani?

Kwa Australia ya kati, Agosti hadi Oktoba. Madimbwi madogo yanakuwa yamekauka, ndege wamebanana kwenye machache yaliyobaki, na joto bado linavumilika. Juni na Julai mwanga ni mzuri na mchana hauchoshi, lakini usiku hushuka hadi sifuri na chini yake, na ndege hunywa mara chache. Desemba hadi Februari hatushauri. Nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na utakuwa ukishindana na ndege kwa kivuli na maji wakati wanavihitaji kuliko wakati mwingine wowote.

Kaskazini, kuanzia Katherine na Pine Creek hadi Wyndham, kiangazi ni Mei hadi Oktoba. Mwisho wa kiangazi ndio wakati wa kumtafuta finchi wa Gould (*Chloebia gouldiae*), mwenye kifua cha zambarau na tumbo la manjano. Kichwa chake huwa cheusi, chekundu au, kwa nadra, cha rangi ya chungwa.

Kabla ya kukata tiketi, angalia mvua za miezi mitatu iliyopita na si kalenda peke yake. Baada ya mvua kubwa kila shimo la mwamba lina maji, na dimbwi lililokuwa na maelfu ya ndege mwaka jana linaweza kuwa na kunguru wawili tu.

Dimbwi lipi ni zuri zaidi?

Dogo. Wageni wengi huvutiwa na madimbwi makubwa yenye miamba mizuri, kisha hushangaa kwamba ndege wote wanakunywa ng'ambo, mita 80 kutoka walipo. Dimbwi lenye upana wa mita 5 hadi 15, lenye ufuko mmoja wa mteremko mdogo na mti mmoja au miwili iliyokauka karibu, litakupa picha nyingi kuliko mto.

Bonde la Ormiston, kilomita 135 hivi magharibi ya Alice Springs katika hifadhi ya Tjoritja, hufikiwa kwa barabara ya lami na ni mahali pazuri pa kuanzia. Njiwa wa spinifeksi, mwenye kishungi kirefu na rangi ya udongo mwekundu, hutembea kwenye mawe yake bila woga mwingi. Ellery Creek iko karibu zaidi na mji, lakini watu huoga humo, hivyo fika mapema sana au usiende. Katika Australia Kusini, hifadhi ya Gluepot, kaskazini ya mji wa Waikerie, ina mabirika ya maji yaliyoinuliwa juu ya nguzo ili mbuzi-mwitu na kangaruu wasiyafikie, na kando yake pana vibanda vya kujificha. Kwa mtu asiye na kibanda chake mwenyewe, hapo ndipo tungempeleka kwanza.

Mabirika ya ng'ombe kwenye ranchi nayo huvuta ndege wengi sana, ila hayo ni mali ya mtu. Omba ruhusa kwanza.

Nitajuaje kama ndege wanalitumia?

Fika siku moja kabla, adhuhuri, bila kamera. Tafuta nyayo kwenye tope, manyoya madogo yanayoelea ukingoni, na vinyesi vyeupe chini ya matawi makavu. Matawi yenye alama nyeupe nyingi ndiyo vituo vya ndege kabla ya kushuka. Kisha rudi nyuma mita 100, kaa kivulini kwa saa mbili na darubini, uandike wanatua wapi hasa. Ndege wana kipande chao cha ufuko, mara nyingi mita moja au mbili tu, na hawakibadilishi kirahisi. Saa hizo mbili zina thamani kuliko lenzi ya gharama.

Nani hunywa saa ngapi?

Gizagiza la kabla ya mapambazuko na lile la baada ya machweo ni zamu ya kasuku wa Bourke, mdogo mwenye rangi ya kahawia na waridi, na njiwa wenye mabawa ya rangi ya shaba. Hawa hufika wakati ambapo kamera nyingi zinahangaika, na wengi hunywa na kuondoka kabla mpiga picha hajawaona.

Tangu jua linapochomoza (Julai ni saa 1 na robo hivi asubuhi) hadi saa 4, huja finchi-pundamilia, yaani yule mdogo mwenye mdomo wa rangi ya chungwa, pamoja na bajerigari (kasuku mdogo wa kijani na manjano), kakatua wa waridi aitwaye galah, na kakatua weupe. Hapa ndipo mwanga na ndege hukutana, na mtu aliyechelewa kitandani hana namna ya kuzilipa saa hizi.

Adhuhuri finchi huendelea kurudi, na ndege wanaokunywa mbochi huongezeka kadiri joto linavyopanda. Saa 10 hadi machweo kakatua hurudi kunywa kabla ya kwenda kulala, wakiwa na kelele nyingi na michezo. Picha za kakatua wakigombana au kuning'inia kichwa chini hupatikana hasa wakati huu.

Nikae upande gani wa maji?

Asubuhi kaa upande wa mashariki ukitazama magharibi, jioni kinyume chake, ili jua liwe nyuma yako. Kumbuka kwamba huko jua la majira ya baridi hupita upande wa kaskazini mchana kutwa, kwa hiyo kona ya kaskazini-mashariki hukufaa kwa muda mrefu zaidi asubuhi.

Halafu angalia upepo. Ndege hutua na kuruka akiuelekea upepo. Ukivuma kutoka mgongoni mwako kwenda majini, wanaotua watakuja na nyuso zao kwako. Ukivuma kutoka mbele, utapata mikia siku nzima. Jua na upepo vikipingana, tunachagua upepo kwa picha za kuruka na jua kwa picha za kunywa.

Shusha kamera. Lenzi ikiwa sentimita 20 hadi 40 juu ya usawa wa maji, taswira ya ndege majini hukamilika na ukingo wa nyuma hulainika. Ukiwa umesimama utapiga picha ya migongo na tope.

Kibanda cha kujificha kinawekwaje?

Hema dogo la mtu mmoja lenye rangi ya udongo linatosha. Mambo manne huliharibu:

- Kitambaa kinachopepea. Kaza kila kona kwa kamba na vigingi, na kama ardhi ni mwamba, tumia mawe. Ndege huzoea umbo geni ndani ya saa chache, lakini hawazoei kitu kinachotikisika.
- Umbali mbaya. Kwa finchi kaa mita 8 hadi 10 kutoka mahali wanapotua. Kwa kakatua mita 15 hadi 20. Lenzi nyingi za milimita 600 hazifokasi chini ya mita 4 au 5, kwa hiyo kujisogeza zaidi hakukusaidii.
- Kuingia mchana. Liweke jioni baada ya ndege kumaliza kunywa, uingie kesho yake kukiwa bado na giza, saa nzima kabla ya jua. Ikibidi kuingia mchana, nendeni wawili, mmoja abaki na mwingine aondoke akionekana wazi. Ndege wengi wakishamwona mtu akiondoka hutulia.
- Kuziba njia. Usiliweke kati ya maji na mti wanaoutumia kushuka, wala mahali ambapo pana ufuko mmoja tu wa kunywea.

Ndani uwe na kiti kifupi, lita 3 za maji, chakula kisicho na karatasi zinazokwaruza, chombo cha haja ndogo, na chandarua cha uso. Nzi wa huko hung'ang'ania macho na midomo, na kila ukipunga mkono kuwafukuza, ndege wanaona.

Je, naweza kupigia ndani ya gari?

Ndiyo, na mara nyingi ni bora kuliko hema lililowekwa haraka. Egesha kabla ya mapambazuko, zima injini, tandaza kitambaa cheusi kwenye dirisha la upande wa pili ili kivuli chako kisionekane, na ulaze lenzi juu ya mfuko wa mchele kwenye dirisha. Ubaya wake ni mmoja: unakuwa juu mno, na taswira ya majini hupungua.

Nibebe lenzi gani?

Milimita 500 au 600 kwa ndege mmoja mmoja. Kwa mita 8, lenzi ya 600 kwenye kamera ya fremu kamili hukupa eneo la upana wa sentimita 45 hivi. Finchi ana urefu wa sentimita 10, basi unaona mwenyewe nafasi iliyobaki. Beba pia ya 70–200, kwa ajili ya makundi. Bila hiyo ya pili, bajerigari elfu moja wakishuka utapata picha ya kumi na tano.

Mipangilio gani ya kamera?

Ndege anayekunywa ametulia: shata (muda ambao kamera hupokea mwanga, kwa sehemu za sekunde) 1/800 hadi 1/1000. Kakatua akiruka: 1/2000. Finchi au bajerigari akiruka: 1/3200 au zaidi, kwani mabawa yao kwenye 1/1600 huwa moshi tu. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ijipange yenyewe na uiwekee kikomo unachokiamini kwenye kamera yako.

Tundu la lenzi ndipo wengi wanapokosea. Kwa milimita 600, mita 8, f/6.3, kina cha fokasi ni kama sentimita 6 tu. Finchi watatu waliopanga mstari ukingoni hawatakuwa wazi wote isipokuwa wawe kwenye mstari ulio sambamba na kamera. Funga hadi f/11 upate kama sentimita 11, au subiri wajipange vizuri. Fokasi iwe kwenye jicho, si kwenye taswira yake majini. Kamera nyingi za leo hukamata jicho, lakini maji yakitulia sana huweza kuchagua lile la chini.

Kakatua weupe mbele ya maji meusi huungua haraka, kwa hiyo punguza mwanga kwa hatua 2/3 hadi 1. Kakatua mweusi mwenye mkia mwekundu anahitaji kinyume chake. Piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata.

Jambo dogo la kukusaidia kubonyeza kwa wakati: ndege wengi huchota maji, kisha huinua kichwa ili yateremke, na tone linaloning'inia mdomoni huonekana hapo. Njiwa na finchi-pundamilia hufyonza bila kuinua kichwa, kwa hiyo ukisubiri tone kwao utasubiri bure. Piga wakati mdomo unagusa maji na viwimbi vinaanza.

Picha zangu hazina ukali ingawa shata ilikuwa ya kasi. Kosa liko wapi?

Karibu kila mara ni mazigazi. Ardhi ikipata joto, hewa iliyo juu yake hutetemeka, na kuanzia saa 3 au 4 asubuhi picha ya mita 30 inakuwa kama imepigwa kupitia maji. Hakuna lenzi inayotibu hilo. Sogea karibu, piga juu ya maji na si juu ya mchanga, au funga kazi.

Kwenye gari asubuhi ya baridi kuna sababu nyingine: hewa ya moto inayotoka ndani kupitia dirishani hutengeneza mtetemo uleule. Zima hita, fungua madirisha yote, usubiri dakika 15 hadi 20. Usipige juu ya boneti iliyotoka kuendeshwa.

Bajerigari huzunguka tu bila kushuka. Nifanye nini?

Hiyo ndiyo tabia yao. Kasuku huyu mdogo, ambaye wengi humjua kizimbani tu, huja kwa makundi yanayozunguka juu ya maji mara nyingi kabla ya kugusa, kwa sababu kozi na kipanga hungoja mitini. Wakishuka hunywa sekunde chache na kuinuka wote kwa pamoja. Tumia lenzi fupi, f/8, 1/3200, fokasi ukiiweka mapema kwenye ukingo wanaoupenda. Usifuate ndege mmoja. Anza kubonyeza kundi linapojikunja kama mpira juu ya maji, si baada ya kutua.

Na ukimwona kozi amekaa juu ya mti, usimfukuze. Naye amekuja kula, na picha ya kozi akilichana kundi ni miongoni mwa picha ngumu na nzuri kuliko zote za pale.

Nitajuaje kwamba mimi ndiye ninayewazuia kunywa?

Swali hili tungependa liulizwe kabla ya yale ya lenzi. Ndege mdogo hana akiba kubwa ya maji. Januari 2009, joto lililopita nyuzi 45 kwa siku kadhaa liliua maelfu ya ndege katika Australia Magharibi, wengi wao finchi-pundamilia na bajerigari. Hao walikufa kwa joto peke yake. Usiwaongezee mtu aliyekaa kwenye maji yao.

Dalili ni hizi: ndege wanajaa mitini na kuitana bila kushuka, wanashuka nusu ya njia na kurudi, wamekaa midomo wazi, mabawa yametengwa na mwili, au wanakunywa haraka upande mbaya wa dimbwi, kwenye matope. Ukiona hivyo kwa dakika 20, ondoka. Usisogeze kibanda mita mbili. Ondoka kabisa, mita 100 au zaidi, na usirudi hadi jioni. Siku inayotabiriwa kufika nyuzi 40, usikae dimbwini baada ya saa 3 asubuhi. Mahali penye maji mengine karibu ndege wana hiari. Mahali ambapo dimbwi hilo ndilo pekee kwa kilomita nyingi, hawana, na kukaa kwako ndiko kunakoamua.

Naweza kuwaita kwa sauti za simu, au kumwaga mbegu?

Hapana kwa yote mawili. Flashi nayo iache nyumbani.

Vibali vinahitajika?

Inategemea ardhi ni ya nani. Katika Northern Territory, jimbo lenye Alice Springs, wageni wanaotoka nje ya jimbo hulipia pasi ya hifadhi tangu 2023. Ardhi ya Waaborijini chini ya sheria ya 1976 huhitaji kibali cha kuingia; kwa upande wa kusini mwa jimbo huombwa kwa Central Land Council, na huchukua siku kadhaa, kwa hiyo usiombe ukiwa njiani. Katika ardhi ya malisho ya Australia Kusini huruhusiwi kupiga kambi ndani ya mita 500 za mahali palipojengwa pa kunyweshea mifugo, wala ndani ya kilomita 1 ya nyumba, bila idhini ya mwenyewe.

Madimbwi mengi ni mahali patakatifu pa wenyeji, kama Waarrernte wa eneo la Alice Springs, na maji hayo yalitunzwa nao kwa vizazi vingi. Kibao kikikataza picha au kuingia, basi. Usinawe wala kuoga ukiwa umejipaka mafuta ya jua au dawa ya wadudu kwenye shimo dogo la mwamba. Maji yake hayana mkondo wa kuyasafisha.

Kuna hatari gani majini?

Australia ya kati haina mamba, ila nyoka wenye sumu kali hufika kunywa, hasa siku za joto. Vaa buti, usilale chini kabla ya kumulika kwa tochi.

Kaskazini ni habari nyingine. Mamba wa maji chumvi huingia hadi mito na madimbwi ya bara. Kaa angalau mita 5 kutoka ukingoni, usitumie kibanda cha chini wala kulala kifudifudi ufukoni, na usirudie njia ileile kila siku. Picha ya usawa wa maji tuliyoieleza hapo juu ni ya nchi isiyo na mamba tu.

Nibebe maji na vifaa gani vya usalama?

Lita 10 za maji kwa mtu kwa siku wakati wa joto, pamoja na akiba ya siku mbili. Magurudumu mawili ya akiba. Simu ya setilaiti au kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz, kwani mtandao wa simu huisha muda mfupi baada ya kutoka mjini. Mwachie mtu ratiba yako. Gari likikwama, baki nalo. Gari huonekana kutoka angani, mtu anayetembea haonekani. Namba ya dharura ni 000.

Nikitokea Afrika Mashariki, kuna kitu forodhani?

Mfuko wa kulazia lenzi uubebe mtupu. Maharage, mahindi au mbegu ndani yake zitakuletea matatizo uwanja wa ndege, kwa kuwa Australia ina sheria kali juu ya mimea na udongo. Nunua mchele ukifika. Piga mswaki buti, miguu ya tripodi na vigingi vya hema hadi udongo wote utoke, na utaje kwenye fomu kwamba vifaa hivyo vimetumika porini.

Mvua imenyesha nikiwa njiani. Niendelee?

Angalia kwanza kama barabara imefungwa. Za udongo hufungwa baada ya mvua, na kupita penye kizuizi kuna faini. Ukishindwa kupita, subiri. Ndege watatawanyika kwa wiki kadhaa, kwa hiyo badilisha windo: kwenye maji mapya ya kando ya lami huja bata, na mbayuwayu wanaokunywa wakiwa angani. Kwa hao, 1/4000, lenzi ya 300, na ukingo wowote usio na upepo.